Laini ya mezani ikiondoka: majibu kwa wanaohamishia simu za ofisi kwenye intaneti

Siku hizi ujumbe mwingi unaonifikia unahusu jambo moja: ofisi zinaachana na simu za waya na kuhamia simu zinazopita kwenye intaneti. Nimekusanya maswali yanayojirudia. Mengine jibu lake ni fupi. Yale marefu naomba myasome hadi mwisho, maana hayo ndiyo yanayowapotezea watu wateja, na moja linahusu uhai.

Kampuni ya simu inasema laini za waya wa shaba zinaondolewa. Ni kweli, au wanatutisha tu ili tununue huduma mpya?

Ni kweli. Mitambo ya zamani ya kuunganisha simu imechoka, vipuri vyake ni vigumu kupata, na mafundi walioijua wanastaafu. Uingereza, kwa mfano, iliacha kuuza laini mpya za aina hiyo Septemba 2023, na mtandao wenyewe umepangiwa kuzimwa mwishoni mwa Januari 2027. Tarehe ya awali ilikuwa Desemba 2025. Ikasogezwa mbele baada ya kuonekana kwamba baadhi ya watu waliohamishwa, hasa wazee, walibaki na vifaa vya kuitia msaada ambavyo havifanyi kazi tena. Kila nchi ina ratiba yake, kwa hiyo usikubali maneno matupu. Omba tarehe ya eneo lako kwa maandishi, halafu uhame ukiwa umejipanga.

Tuko watu kumi ofisini. Intaneti tuliyonayo itatosha?

Mara nyingi inatosha, na watu hushangaa wakiambiwa hivyo. Katika mfumo wa kawaida sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Ongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha sauti, ukadirie kilobiti 100 kwenda na 100 kurudi kwa kila simu. Wote kumi mkiongea kwa wakati mmoja ni megabiti 1 tu kila upande. Akija muuzaji kukwambia ununue kifurushi kikubwa maradufu kwa ajili ya simu peke yake, mwombe akuoneshe hesabu yake. Kinachoharibu simu za intaneti mara nyingi ni foleni, kama atakavyoona ndugu anayefuata.

Tulihama mwezi uliopita. Mimi namsikia mteja vizuri, lakini yeye anasema sauti yangu inakatikakatika kama niko chini ya maji. Haitokei kila wakati. Fundi ameshabadilisha simu mara mbili.

Pole sana. Simu zenyewe ziacheni, huenda hazina kosa lolote. Wewe ukimsikia na yeye hakusikii, anza kuchunguza upande wa kupakia, yaani data inayotoka kwako kwenda nje.

Niliwahi kukaa na dada wa mapokezi katika ofisi moja yenye shida hiihii. Alikuwa na daftari dogo ambalo, bila kuagizwa na mtu, aliandika saa ya kila simu iliyoharibika. Nilipofungua kurasa zake nikaona simu mbaya karibu zote zimerundikana kati ya saa tano na saa sita mchana. Tukazunguka meza kwa meza. Kwa mhasibu tukakuta kompyuta ambayo kila siku saa tano ilianza kupeleka nakala za mafaili kwenye hifadhi ya intaneti. Tukaisimamisha. Simu iliyofuata, dada alisema "habari za leo," akasikiliza, akanigeukia na kuninong'oneza: "Amenisikia." Daftari lile lilitoa jibu ambalo vifaa vya fundi havikulitoa. Kwa hiyo nawe anza na daftari, leo.

Sababu ni hii. Sauti yako hukatwa vipande vya milisekunde 20, hamsini kila sekunde, na kila kimoja lazima kifike kwa wakati wake. Faili kubwa linapopakiwa hujaza foleni kwenye ruta, na vipande vya sauti vinakaa nyuma yake kama mgonjwa mahututi aliyepangwa nyuma ya watu waliokuja kupima uzito. Faili likichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Sauti ikichelewa hivyo inatupwa, na mteja anasikia pengo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa huyu hadi sikio la yule. Ukizidisha sana, watu wanaanza kukatizana maneno bila kukusudia.

Dawa iko kwenye mipangilio ya ruta. Zipe simu kipaumbele, kisha weka kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini yako, ili foleni ikae kwenye ruta yako unakoweza kuipanga. Nakala za mafaili zihamishie usiku. Simu za mezani ziunganishe kwa kebo, Wi-Fi ibaki kwa mambo mengine. Kama intaneti yako inatoka kwenye setilaiti ya mbali, ile inayokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ujue mapema kwamba sauti inachukua kama robo sekunde kupanda na kushuka, na hakuna mpangilio wa ruta unaoweza kuirudisha robo hiyo.

Wengine wameniandikia shida tofauti kidogo: simu inaita, unapokea, upande mmoja kimya kabisa. Tafuta kwenye ruta kitu kinachoandikwa SIP ALG, ukizime, ujaribu tena. Kiliwekwa kusaidia simu, lakini mara nyingi ndicho kinachovuruga anwani za kupeleka sauti.

Umeme ukikatika, simu zetu za zamani zilikuwa bado zinaita. Hizi mpya je?

Zitazima, usipojiandaa. Simu ya zamani ilipata umeme wake, kama volti 48, kupitia waya uleule wa shaba kutoka kituo cha kampuni ya simu, na kituo kilikuwa na betri zake. Hukuwahi kuulipia kando wala kuufikiria. Ukihama, mzigo huo unakuwa wako.

Unahitaji UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ya kuhudumia vifaa vyote vilivyo njiani: kisanduku cha faiba, ruta, swichi ya mtandao (kisanduku kinachogawa kebo kwa simu na kompyuta), na simu zenyewe. Watu hukumbuka ruta wakasahau kisanduku cha faiba kilichofichwa nyuma ya kabati, na mnyororo wote unakatikia hapo. Ukiweza, nunua swichi inayopeleka umeme kwenye simu kupitia kebo ya mtandao. Hapo UPS moja kwenye swichi inazibeba simu zote, wala huna haja ya betri chini ya kila meza.

Jambo la pili halina gharama kubwa: mwombe mtoa huduma aweke mpango kwamba ofisi ikipotea mtandaoni, simu zinazoingia zihamie kwenye simu ya mkononi mtakayoichagua. Mpango huo uko kwenye seva zake, si kwako, ndiyo maana unafanya kazi hata kwako kukiwa giza. Kisha jaribuni kwa kuzima swichi kuu ya umeme siku ya kazi nyepesi, mhesabu betri inadumu dakika ngapi.

Namba za dharura zitafanya kazi kama zamani?

Nashukuru kwa swali hili kuliko yote. Laini ya waya ilikuwa imefungwa kwenye jengo, na anwani yake ilijulikana. Simu ya intaneti inaweza kung'olewa ghorofa ya tatu ikachomekwa mji mwingine na ikaendelea kuita kwa namba ileile. Anayepokea simu ya dharura anaweza kuona anwani mliyoiandika siku ya kujiunga, hata kama mlishahama. Kwa hiyo mkihamisha ofisi, badilisheni anwani kwa mtoa huduma siku hiyohiyo. Anayefanyia kazi nyumbani afanye hivyo pia, kama huduma yenu inaruhusu.

Jambo jingine ni tarakimu ya kutokea nje. Desemba 2013, katika hoteli moja huko Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa huku binti yake wa miaka tisa akijaribu mara nne kupiga 911. Simu haikutoka, kwa sababu chumbani ulipaswa kubonyeza 9 kwanza, na mtoto hakujua. Mwaka 2018 Marekani ikapitisha sheria yenye jina la mama huyo, inayotaka simu za majengo kama hayo zipige 911 moja kwa moja. Popote ulipo, mwambie anayekufungia mfumo kwamba namba ya dharura itoke bila tarakimu ya mbele. Usikubali ajibu kwamba wafanyakazi wataelekezwa. Mgeni na mtoto hawahudhurii maelekezo yenu.

Bili ya mwezi imekuja kubwa ajabu. Simu kadhaa zimepigwa usiku wa Jumapili kwenda nchi tusizozijua.

Mmeibiwa. Kuna wezi wanaotumia programu kujaribu nywila za mifumo ya simu iliyo wazi mtandaoni, usiku na mchana. Wakiingia, hupiga namba za gharama ambazo wao wenyewe wanapata mgawo, na hupenda wikendi kwa sababu hakuna mtu ofisini. Mjulishe mtoa huduma sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma safu hii. Kisha badilisha nywila zote, hasa zile zilizokuja na kifaa kutoka kiwandani na zile zinazofanana na namba ya ndani ya simu. Funga nchi zote usizofanya nazo biashara, na weka kikomo cha matumizi kwa siku. Hicho kikomo kingeliwekwa mwanzo, hasara ingeishia hapo.

Namba yetu tumekuwa nayo zaidi ya miaka 20, iko hadi kwenye mihuri. Tutaipoteza? Na faksi?

Mahali panaporuhusiwa kuhama na namba, mnabaki nayo, ila kwa sharti moja: msikate laini ya zamani kabla namba haijahama na kupokea simu upande mpya. Laini ikikatwa mapema, namba inaweza kupotea kabisa. Hakikisheni pia jina na anwani kwenye maombi vinafanana herufi kwa herufi na vilivyo kwenye bili.

Wakati mkisubiri, fuateni kila waya wa simu jengoni muone unaishia wapi. Wakati mwingine unaishia kwenye kengele ya wezi, kwenye simu ya dharura ya lifti, au kwenye mashine ya kadi. Hivyo vinahitaji mpango wao kabla ya siku ya kuhama, na lifti ndiyo ya kwanza.

Faksi mara nyingi huvurugika ikipitishwa kama sauti. Mwulizeni mtoa huduma kama ana T.38, njia iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kama hana, tumieni huduma inayogeuza faksi kuwa barua pepe.