Sensa "imekufa" au "inasoma vibaya"?

SWALI: Taa ya injini imewaka, fundi akaniandikia: "Sensa ya oksijeni imekufa, ibadilishwe." Je, neno sahihi si kihisi, maana sensa ni kuhesabu watu? Na kitu kisicho na uhai hufaje?

JIBU: Kihisi ni neno zuri, na wingi wake ni vihisi. Lakini dukani utauziwa sensa, na hakuna atakayedhani unataka Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Andika lolote, mradi upatanisho ukae sawa: sensa imeharibika, kihisi kimeharibika. Ninaloogopa zaidi ni "kodi P0135", yaani namba ambayo mashine ya kupimia gari huonyesha taa ya injini ikiwaka, kwa sababu kodi tunalipa. Afadhali "namba ya kosa".

Kufa nako hakuna ubaya. Betri hufa, saa hufa. Shida ni kwamba kitenzi hicho kinafunika hitilafu tatu ambazo Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha, na kila moja ina gharama yake.

Sensa ya oksijeni hukaa kwenye ekzosi na kupima oksijeni iliyomo katika moshi. P0135 inahusu saketi ya hita (kipasha joto) ya sensa iliyo kabla ya masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi. Hapo sema hita imekatika, fyuzi imeungua au waya umekatika. Ekzosi ikipoa, chomoa plagi na upime kwa mita zile nyaya mbili za hita, ambazo mara nyingi zina rangi moja. Omu chache tu: hita nzima. Mita isiposoma kitu: imekatika, na sensa ibadilishwe. Ila hita ikiwa nzima, angalia fyuzi, kisha pima kama volti 12 zinafika kwenye plagi upande wa gari, injini ikiwaka.

P0171 ni habari nyingine: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Hapa sensa huenda inadanganywa. Ekzosi ikitoboka kabla yake, au gasketi ikivuja, hewa ya nje huingia. Sensa inaikuta oksijeni na kuitaja kama ilivyo, kompyuta inaongeza mafuta, na gari linaanza kuyanywa. Ukifunga sensa mpya nayo itasema vilevile. Kuvuja ndiko kunakotibiwa.

P0133 ni sensa inayochelewa kujibu. "Imechoka", wanavyosema mafundi, ni neno stahiki kabisa.

Basi lini useme imekufa? Kwa sensa ya kawaida ya zirkonia, pasha injini moto, ishikilie kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Volti za waya wake wa ishara zipande na kushuka mfululizo kati ya 0.1 na 0.9. Zikiganda chini, kanyaga mafuta ghafla. Zikipanda, sensa iko hai, tafuta pengine. Zisipotikisika, na nyaya zake ni nzima, andika "imekufa" bila wasiwasi.

Kama kosa lako lilikuwa P0135, karatasi ingesomeka hivi: "Hita ya sensa ya oksijeni ya mbele imekatika, fyuzi nzima, umeme unafika kwenye plagi."