Baiskeli ya mteremko: kabla hujalipa, kagua breki na pima uzito wako

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mbagala alinitumia picha. Baiskeli ya mtumba, imetoka kwenye kontena siku hiyohiyo Kariakoo: fremu nyeusi, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) nene iliyofungwa juu na chini kama ya pikipiki, springi nyekundu katikati. Chini ya picha kaandika: "Kaka, hii si ndiyo yenyewe? Nataka kushuka nayo Pugu." Bei milioni mbili na laki tatu, na muuzaji keshamwambia kuna mteja mwingine yuko njiani.

Nilimpigia simu palepale, maana baiskeli kama ile niliwahi kuinunua. Nilikaa nayo miezi minane, na nilichojifunza kilinigharimu fedha na mtulinga. Niliyomwambia ndiyo nayaandika hapa.

Baiskeli ile imetengenezwa kwa kazi moja. Foku na shokapu yake zinaruhusu magurudumu kubonyea milimita 200 mbele na nyuma, ina gia saba tu zilizokaribiana, siti fupi isiyopandishika, na uzito wa kilo 16 au 17. Imeundwa kwa ajili ya milima yenye paki za baiskeli, ambako njia za kushukia zimechongwa na kupangwa kwa rangi kulingana na ugumu wake, na juu unapandishwa na lifti ya nyaya. Yaani walioiunda wamechukulia kwamba hutapanda hata mita moja kwa miguu yako.

Sasa tazama Dar. Sisi lifti hatuna. Ukitoka mjini unafika Pugu Kajiungeni, unaendelea kuelekea Kisarawe, na vilima vyote vile havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mteremko mzuri unaisha kabla mikono haijachoka, kisha unageuka na kupanda. Kwa baiskeli yangu ya kwanza kupanda kulimaanisha kusukuma. Siku nyingine tulichangishana watu wanne tukakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kutupandisha, na siku hizo zilikuwa nzuri sana, lakini huwezi kukodi kirikuu kila Jumamosi.

Na kuna jambo ambalo picha haikuambii: kwenye mteremko wa wastani, baiskeli yenye milimita 200 inakuwa nzito na imelala. Unapiga pedali, nguvu inamezwa na springi. Unaingia kona, haitaki kugeuka mpaka uwe kwenye mwendo mkali. Nilidhani tatizo ni mimi.

Niliielewa nilipokwenda Uswisi kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, Geneva. Saa moja hivi kwa gari unaingia Ufaransa, unafika Les Gets, kijiji kilichoko kama mita 1,170 juu ya bahari, chenye paki kubwa iliyowahi kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani mwaka 2004 na 2022. Nikakodi baiskeli ya mteremko kwa siku moja. Kijana wa dukani hakuniuliza nina uzoefu gani kwanza. Aliniuliza nina kilo ngapi, na akasisitiza nijumlishe viatu, kofia na begi. Akabadilisha springi mbele yangu, akanikalisha kwenye siti, akapima kwa rula imezama kiasi gani, ndipo akanipa.

Njia nyekundu ya kwanza niliyoshuka ilikuwa imejaa matuta madogo yanayochongwa na breki za watu wengi. Kwa baiskeli yangu ya Dar yale matuta yangenitupa. Ile ilipita juu yake kama gari lenye shokapu mpya linavyopita barabara ya kokoto. Pale nikaona kwa mwili wangu mwenyewe kile chombo kinafanya nini kikiwa mahali pake, na kikiwa kimerekebishwa kwa aliyekikalia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama unaishi Dar na unataka siku moja ushuke kwenye paki za kweli, nunua baiskeli ya aina ya enduro, yaani ya kushuka na kupanda pia, yenye milimita 160 mpaka 170 za kubonyea, yenye bomba la siti linaloshuka na kupanda kwa kitufe cha kwenye usukani. Itakupandisha Pugu. Itakushusha Uluguru kutoka Morningside hadi Morogoro mjini, na Usambara kule Lushoto, bila kukuangusha kwa kukosa uwezo. Ukipata safari ya kwenda kwenye lifti, kodi baiskeli ya mteremko hukohuko. Anayekukodisha anaitunza kila jioni, na wewe huna haja ya kuisafirisha kwenye ndege.

Ukishajua aina, anza na breki. Watu huanza na springi kwa sababu zinaonekana, lakini mimi kilichoniumiza ni breki.

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa na breki za diski za mafuta. Ya nyuma ilikuwa imelegea, nikampelekea fundi mmoja mwenye mkono mzuri, amefanya kazi ya breki za magari miaka mingi. Akafungua kifuniko, akaona mafuta yamepungua, akajaza DOT 4, mafuta ya breki za magari, kutoka kwenye chupa aliyokuwa nayo. Mkono ukawa mgumu, nikafurahi, nikamlipa. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba breki ile ilikuwa ya mafuta ya madini. Vitu hivyo viwili havichanganyiki. DOT inavimbisha mipira midogo ya ndani iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini.

Wiki ya kwanza haikuonyesha kitu. Wiki ya pili nikaona mkono wa breki ukishikwa unarudi polepole, kama mlango wenye bawaba kavu. Ilitakiwa niache hapohapo. Jumamosi yake nilikuwa nashuka msituni Pugu, karibu na mapango ya yale machimbo ya zamani ya kaolini, mahali ambapo udongo ni mweupe na ukilowa unateleza kama sabuni. Breki ilikuwa inasugua muda wote bila mimi kuishika. Nikasikia harufu ya pedi kuungua. Nikavuta kabla ya kona, na mkono ukaenda wote mpaka ukagusa usukani, pasipo upinzani wowote. Nilijilaza upande wa kilima. Mtulinga ulivunjika, na mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa wiki sita.

Baadaye fundi mwingine alifungua breki ile mbele yangu na kuutoa mpira wa ndani. Ulikuwa umevimba na kulainika kama harage lililolowekwa usiku kucha. Aliuminya kwa kucha, ukakatika.

Kwa hiyo ukiwa dukani, soma kifuniko cha kopo la mafuta pale kwenye mkono wa breki. Kwa kawaida pameandikwa aina ya mafuta. Breki za kampuni ya Shimano ni mafuta ya madini. Breki nyingi za kampuni ya SRAM, hasa hizi za mtumba, ni DOT. Kila moja ina shida yake kwetu. DOT 4 inauzwa kila duka la spea za magari, lakini inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar unaijua, kwa hiyo ibadilishe yote kila mwaka, usiongezee tu. Mafuta ya madini hayanyonyi maji, ila usitegemee kuyapata duka la jirani, kwa hiyo mtu wako akisafiri mwagize chupa na uiweke ndani. Mwandikie fundi aina ya mafuta kwenye karatasi, ibandike kwenye fremu. Mimi nimebandika.

Kisha shika mkono wa breki kwa nguvu, hesabu mpaka sitini. Ukizama taratibu, kuna mahali panavuja. Tazama kalipa, kile kifaa kinachobana diski: kwa mteremko unataka yenye pistoni nne. Diski ya mbele iwe ya milimita 200 au 203. Ndogo kuliko 180 iache, haitaweza kutoa joto.

Sasa springi. Kwenye springi ya chuma ya shokapu ya nyuma kuna namba zimechapwa, kwa mfano 550 x 3.0. Ya kwanza ni ugumu wake, yaani paundi ngapi zinahitajika kuibonyeza inchi moja. Ya pili ni urefu inaoweza kubonyea, kwa inchi. Baiskeli za mtumba zinatoka kwa watu wenye miili yao. Mimi nina kilo 66. Ile 550 ilikuwa ya mtu wa kilo 90 na kitu, ndiyo maana kila jiwe lilinipiga mgongoni na nusu ya milimita zile 200 sikuwahi kuzitumia. Kaa kwenye siti ukiwa umevaa kila kitu, mwenzako apime shokapu imezama kiasi gani. Nyuma lenga kama asilimia 30 ya urefu wake wote wa kubonyea. Shokapu yenye milimita 60 izame kama 18. Kwa shokapu za upepo, zisizo na springi ya chuma, kazi ni rahisi, unapunguza au kuongeza kwa pampu yake maalumu, na ndiyo sababu kwa mnunuzi wa mtumba hapa mjini ninapendekeza za upepo.

Kwenye foku, pitisha kucha taratibu kwenye mirija inayong'aa, juu hadi chini, pande zote. Kucha ikikwama, pana mkwaruzo au kutu, na hapo sili (mipira inayozuia mafuta) zitaliwa na mafuta yatatoka. Baiskeli iliyokaa miezi karibu na bahari huanza kuharibika hapohapo, na kwenye chuchu za spoku. Kisha inua gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza na ukisikia mlio katikati ya fremu, bearingi za viungo zimekwisha.

Fremu chukua ya alumini. Ufa kwenye alumini utauona ukifuta vizuri pale bomba la mbele linapoungana na mengine na pale pedali zinapofungwa. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku nje ikiwa safi, na ya mtumba huijui iliangukia wapi.

Magurudumu: baiskeli nyingi za mteremko za kabla ya 2014 hivi ni inchi 26, na tairi nzuri za saizi hiyo zinazidi kuwa adimu. Tafuta 27.5 au 29. Greg Minnaar, Mwafrika Kusini bingwa wa dunia wa mteremko mara nne, alishinda mbio za Kombe la Dunia za Fort William, Uskoti, mwaka 2017 akiwa juu ya magurudumu ya 29, na tangu hapo wengi wakafuata. Lakini yeye ni mrefu. Mtu mfupi kwenye mteremko mkali tairi la nyuma la 29 linaweza kumgusa makalio, kwa hiyo 29 mbele na 27.5 nyuma ni mpango mzuri. Tairi ziwe na ukuta mnene, upana wa 2.4 au 2.5, zifungwe bila tubu na kutiwa dawa ya pancha. Kwa joto letu dawa inakauka mapema, ikague kila baada ya miezi miwili, hasa ukipita kwenye mbigili.

Gia na rangi visikupotezee muda.

Kofia usinunue ya mtumba hata kama inang'aa. Ikishapigwa mara moja kazi yake imekwisha, na huwezi kuona kwa macho. Iwe ya kufunika uso mzima, na ndani itafute alama ya ASTM F1952, ambayo ni kipimo cha kofia za mteremko. Na ukiingia Pugu Kazimzumbwi, ni hifadhi ya msitu, pita langoni, lipa kiingilio, uliza njia zipi zinaruhusiwa.

Yule kijana wa Mbagala aliirudia ile baiskeli asubuhi yake akiwa na kucha na rula. Mrija wa kushoto wa foku ulikuwa na kutu inayokwama, breki ya mbele ilizama alipofika thelathini. Akaiacha. Jumamosi hii tunakwenda pamoja kuangalia enduro moja ya alumini, saizi yake, kwa mtu anayehama Tegeta.

Ile springi ya 550 x 3.0 bado ninayo kabatini. Kama una kilo 90 hivi na baiskeli inayoichukua, niandikie kwenye maoni uje uichukue bure.