Skripti moja, distro tatu: majina ya pakeji yalivyonitoa jasho

Nina laptopu tatu na kila moja ina dini yake, yaani distro yake (toleo la Linux). Ya nyumbani ina Debian, ya kazini Fedora, na ile kuukuu aliyoniachia kaka ina Arch. Zote nataka zifanane: Sway (inayopanga madirisha kwenye skrini), Waybar (mstari wake wa taarifa), fonti zilezile, njia za mkato zilezile. Ndiyo maana niliandika skripti, yaani faili la amri, ya kusakinisha pakeji zote kwa mpigo. (Pakeji ni programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa. Nasema pakeji, maana ukisema kifurushi hapa kwetu mtu anafikiria bando.)

Kwenye Debian ilipita bila neno. Nilipofika Fedora nikabadilisha `apt`, kisakinishi cha Debian, kuwa `dnf` ya Fedora, nikajua nimemaliza. Wapi! Amri ya kusakinisha ndiyo sehemu rahisi, mziki uko kwenye majina. Kitu kimoja tu kinachoshughulikia mtandao: Debian wanakiita `network-manager`, Fedora `NetworkManager`, Arch `networkmanager`. Herufi kubwa na kistari vinatosha kukukeshesha.

Tena kuna `fd`, ile ya kutafutia mafaili. Arch inaitwa `fd`, basi. Fedora pakeji ni `fd-find` lakini amri ni `fd`. Debian pakeji ni `fd-find` na amri ni `fdfind`, kwa kuwa jina `fd` lilishachukuliwa na programu nyingine. Kwa hiyo hata ukipatia jina la pakeji, njia zako za mkato zinaweza kugoma.

Kilichonifunza adabu ni usiku mmoja nilipoongeza jina la Arch kwenye orodha ya Debian kwa bahati mbaya. `apt` ikikosa jina moja, haisakinishi hata moja kati ya yale uliyotaja kwenye amri hiyo. Ilisema wazi, "Unable to locate package", ila mstari ule ulipita mbio na skripti yangu haikuwa inaangalia kama amri imefaulu. Ikaendelea kunakili mipangilio, ikaandika "Tayari!" Nikatoka ili niingie upya, Sway haipo. Nimekodolea macho skrini ya kuingilia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Tangu hapo majina nimeyatoa ndani ya skripti. Yako kwenye faili la kawaida ninaloliita daftari, kila kitu mstari wake: jina langu mwenyewe, halafu la Debian, la Fedora, la Arch.

`fd | fd-find | fd-find | fd`

Skripti inasoma `ID`, jina la distro, kwenye faili la `/etc/os-release` na kuchagua safu. Isipoitambua, inasoma `ID_LIKE`, yaani distro ndugu zake. Hilo nililiongeza rafiki alipokuja na Linux Mint ikamkataa, wakati `ID_LIKE` yake inasema kabisa "ubuntu debian". Ila usiuamini undugu huo kupita kiasi: kuanzia Ubuntu 22.04, ukiomba `firefox` kwa `apt` unaletewa snap, aina nyingine ya pakeji ya Ubuntu. Jina lilelile, mzigo mwingine.

Baada ya kusakinisha, usiiulize pakeji, iulize amri yenyewe: `command -v fd || command -v fdfind`. Zote mbili zikikosekana, skripti isimame hapohapo na ipige kelele.

Ndani ya skripti tumia `apt-get`. `Apt` yenyewe inakuonya kwamba haikuundwa kwa kazi hiyo. Kwenye Arch, ambako kisakinishi ni `pacman`, usithubutu `pacman -Sy` na jina la programu, utachanganya programu mpya na maktaba (mafaili ambayo programu hutegemea) za zamani. Andika `pacman -Syu --needed`. Hiyo `--needed` inaruka vilivyokwisha kuwepo, na bando lako litakushukuru.

Wapo watakaosema weka vyote kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu ileile kwenye distro yoyote, uachane na majina. Mimi naitumia kwa GIMP na OBS, basi. Sway yenyewe huiweki humo, na upakuaji wa kwanza unakula mamia ya megabaiti.

Pakeji ambayo distro fulani haina, daftarini naiwekea kistari. Skripti inairuka na kuitaja mwishoni. Mara ya mwisho kwenye Fedora vilitajwa viwili tu, nikavimaliza kwa mkono kabla chai haijapoa.