Kuacha Kazi Uanze Biashara Dodoma: Panga Tarehe Kabla ya Barua

Barua ya kuacha kazi huandikwa kwa dakika kumi. Kinachostahili kufikiriwa kwa miezi ni tarehe itakayokaa juu yake. Dodoma fedha haizunguki kwa kasi moja mwaka mzima. Kuna Aprili hadi Juni, Bunge la Bajeti likiendelea na nyumba za wageni zimejaa. Kuna Mei hadi Julai, alizeti na mtama vikishuka kutoka Kongwa, Chemba na Mpwapwa. Kisha kuna Januari, ada za shule zimebeba kila kitu na mvua bado inanyesha. Mtu mwenye wazo zuri akiondoka kazini mwezi mbaya kwa sababu tu amegombana na bosi, mtaji wake utaliwa kabla wazo halijajaribiwa.

Anza na nyumba. Andika kila kinachotoka kwa mwezi: pango, chakula, nauli, umeme wa LUKU, maji, ada ukiigawa kwa 12, na kile unachotuma kijijini. Usijidanganye kwenye hicho cha mwisho, maana mama hataacha kuugua kwa sababu mwanawe ameacha kazi. Tuseme jumla ni 700,000. Zidisha kwa 6, upate 4,200,000. Hilo ni fungu la nyumba, nalo si mtaji. Liweke akaunti tofauti na ile ya biashara, kila mwezi uhamishe 700,000 na si zaidi. Biashara nyingi zinazokufa miezi ya mwanzo bidhaa yake ilikuwa na wateja. Kilichoziua ni mwenye duka kula kutoka kwenye droo bila kuandika.

Hapo hapo hesabu vitakavyokatika siku unayotoka. Bima ya afya ya mwajiri inaisha, kwa hiyo mwenye mtoto anayetumia dawa kila mwezi apange ya kwake mapema. Mchango wa NSSF au PSSSF unasimama, na pensheni inahitaji michango ya miezi 180; aliyefikisha 160 ana sababu nzito ya kuuliza namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari kabla ya kusaini chochote. Fao la kukosa ajira lisiingie kwenye hesabu zako, kwani limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeiacha mwenyewe. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka nacho ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Utakachodai wewe ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti kifuate mpaka ukipate.

Halafu mkopo wa mshahara. Wapo wanaoukopa mwezi mmoja kabla ya kuondoka ili uwe mtaji. Tunawasihi wasifanye hivyo. Rejesho lilipangwa likatwe kwenye mshahara, na bima ya mkopo huo kwa kawaida inahusu kifo au ulemavu, haimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Ukitoka, benki inakudai papo hapo, huku hela yako imeshakuwa majiko na viti. Mwenye deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu naye akumbuke kwamba rejesho lililokuwa likikatwa na mwajiri sasa atalipeleka mwenyewe.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Itumie kufanya jaribio. Kabla ya hapo soma mkataba wako unasemaje kuhusu kazi ya pembeni, na mtumishi wa umma afuate kanuni za utumishi wake. Chukua mfano wa mgahawa mdogo karibu na Mji wa Serikali Mtumba, kwa kuwa wengi wanauwaza. Siku 28 za likizo zina siku 20 tu ambazo ofisi zimefunguliwa, na zinatosha kukuonyesha ukweli.

Tuichambue sahani moja ya wali maharage inayouzwa 2,000. Kilo ya mchele ikiwa 3,000 na ikitoa sahani 6, mchele ni 500. Maharage 250. Mafuta, vitunguu, nyanya na mboga ya pembeni 250. Moto 150. Jumla 1,150, inabaki 850. Sasa gharama zisizojali umeuza au hukuuza: fremu 150,000, wasaidizi wawili 400,000, maji, umeme na taka 60,000. Hizo ni 610,000. Ongeza 700,000 za nyumbani kwako, inakuwa 1,310,000. Gawanya kwa 850, unahitaji sahani 1,542 kwa mwezi.

Wengi hugawanya kwa siku 30 wakapata sahani 52, wakafurahi. Mtumba Jumamosi na Jumapili hakuna mtu. Gawanya kwa siku 22 za kazi upate 70. Na bado hujalipa kodi: sahani 70 kwa siku ni mauzo ya karibu milioni 37 kwa mwaka, na mtu binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 11 na 100 hulipa 3.5% ya mauzo. Kila sahani inatoa 70 kwa TRA, faida inashuka hadi 780, na sahani 70 zinakuwa 77. Mabaki nayo yanauma. Ukimwaga sahani 5 kila siku, kwa mwezi umemwaga 126,500, karibu pango la fremu. Dawa yake ni kupika wali kwa masufuria mawili madogo, la pili libandikwe saa sita baada ya kuona mstari wa wateja.

Ikiwa jaribio la likizo limekupa sahani 30, rudi kazini ukijua kilichopungua. Ikiwa zimefika 55 na zinapanda, una jambo la kujenga.

Sasa tarehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi. Ukiondoka bila notisi, mwajiri anaweza kukata fedha ya muda huo. Siku za notisi haziendi sambamba na likizo, kwa hiyo rudi ofisini kwanza ndipo upeleke barua. Kwa mgahawa au huduma yoyote inayotegemea ofisi, tungependa ufungue Julai. Aprili inavutia, ila mauzo ya Bunge la Bajeti yanadanganya: unaajiri watu wanne, Julai mji unapoa na mishahara inabaki. Ukianza mwezi wa utulivu, namba zako ni za kweli.

Kwa anayenunua mazao ni kinyume. Alizeti huwa na bei ya chini mavuno yanapoingia, kwa hiyo fedha iwe mkononi Mei, na barua iwe imetoka mwanzoni mwa Aprili. Nunua kwa kilo, kwa mizani yako mwenyewe. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inamwibia mkulima leo, na wewe ukishaizoea itakuibia hesabu siku ya kuuza. Mbegu iwe kavu, ipangwe juu ya chaga, isiguse ukuta. Ikipata unyevu mafuta yake yanaharibika harufu. Kilo 100 hutoa lita 22 hadi 30 kutegemea mbegu na mashine, na mashudu usiyasahau, wafugaji wa kuku wanayataka. Mtaji wa namna hii unalala ghalani miezi mitano au sita, ndiyo maana fungu la nyumba hapa liwe la miezi 8.

Kwenye fremu, uliza mambo matatu kabla ya kutoa hela: LUKU ni yako peke yako au mnashea, maji yakikatika kuna tangi la lita ngapi, na kilemba anachodai mpangaji anayetoka kinalipia nini hasa. Kodi ya zuio ya 10% ya pango iandikwe kwenye mkataba. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila wewe mpangaji ndiye unayeikata na kuipeleka TRA. Fremu ya 150,000 kwa mwaka ni 1,800,000, zuio 180,000, na ushuru wa stempu wa 1% ni 18,000. Ukishamkabidhi mwenye nyumba pango lote, kumrudia akurudishie 180,000 ni kazi, na TRA wataiulizia utakapofuata hati ya kutodaiwa kodi. Hati hiyo inahitajika kwenye leseni, inayoombwa jijini kwa mfumo wa TAUSI. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao; andaa namba ya NIDA.

Wateja wa ofisini watakuomba wale kwa daftari mpaka mshahara utoke. Weka kikomo, kwa mfano sahani 5 kwa mtu, na asiyelipa mwisho wa mwezi asiongezewe hata moja, awe shemeji au mkuu wa idara. Lipa namba ya biashara iwe ya biashara tu. Kila jioni andika mauzo, manunuzi, madeni na mabaki kabla ya kufunga, hata kama miguu inauma.

Mwisho, kabla ya kuondoka kazini kubaliana na mwenzi wako kiwango cha kusimama, na mkiandike: fungu la nyumba likibaki la miezi miwili na biashara bado haijafikia hesabu yake, mnaanza kutuma maombi ya kazi wiki hiyo hiyo, cheti cha utumishi kikiwa kwenye bahasha ya kwanza.