Jibu: Gari la dizeli na pumu ya mtoto

Waalaykum salaam sheikh wangu. Umeuliza kama ununue ile Volkswagen ya dizeli ya 2012 ilhali mtoto ana pumu, na kama moshi usioonekana una madhara.

Madhara unayo. Masizi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni oksidi za nitrojeni, ambazo huzioni kwenye ekzosi lakini huchokoza mapafu na kuamsha pumu. Na tangu 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Volkswagen za dizeli za miaka hiyo ndizo zilizoguswa na kashfa ya Septemba 2015, kampuni ilipogundulika kudanganya vipimo vya moshi. Programu ya injini ilitambua gari likipimwa, ikapunguza hizo oksidi za nitrojeni. Barabarani ikaachia, nchini Marekani hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa gari milioni 11 hivi duniani zilikuwa na programu hiyo. Kwa hiyo muulize muuzaji: injini ni EA189, ile aina iliyotiwa programu hiyo? Programu ilirekebishwa kabla gari halijaletwa?

Kisha lipeleke kwa fundi unayemwamini aangalie kama chujio la masizi limo. Wengine hulitoboa likiziba, na hilo linaniuma sana, maana moshi wote unawaishia watoto wanaosubiri daladala pale Darajani.

Mie ningekuwa wewe, kwa ajili ya huyo mtoto, ningechukua ya petroli.