Mtaji wa 10,000 na jinzi za Gikomba

Dada, nimekuelewa: una shilingi 10,000, unataka kufungua belo (furushi zima) la jinzi za mitumba uuze mtaani Umoja, na unaogopa kuchomeka, yaani kula hasara. Kwa pesa hiyo, achana na belo kwanza. Huuzwa likiwa limefungwa, na likitoka bovu ni lako hilo. Afadhali udamke uende Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi, wakati wanafungua mizigo, uchague kamera (zile nguo bora kabisa), kipande kwa kipande. Bei itakuwa juu kidogo, lakini unajua ulichobeba. Ukifika saa nane mchana utakuta fagia tu, yaani mabaki.

Kila jinzi itoe kwenye mwanga. Vuta zipu mara mbili tatu, kagua mapajani panaposuguana (kitambaa huisha hapo kwanza, na wateja wanapajua), kisha igeuze ndani nje utafute madoa. Bei mwache muuzaji aanze kutaja. Nauli na pesa ya fundi ziingize kwenye hesabu kabla hujapanga bei yako.

Pesa zigawe mifukoni, kule kuna msongamano. Ukipanga kuuza kando ya barabara, ulizia leseni ya kaunti mapema. Kanjo, wale askari wa kaunti, hawabembelezi mtu. Na kama hizo 10,000 ni za mkopo, anza na nusu.