Jibu: 5/8 na 7/11, ipi kubwa?

Mkuu, kwa swali hilo la hesabu lililomshinda mwanao, 7/11 ndiyo kubwa, ila kwa kiduchu sana, ndiyo maana kachanganyikiwa. Asikimbilie kikokotoo. Azidishe kiasi (namba ya juu) cha kila sehemu kwa asili (namba ya chini) ya mwenzake: 5 × 11 = 55, hiyo aiandike juu ya 5/8. Kisha 7 × 8 = 56, aiandike juu ya 7/11. Wengi huandika majibu upande usio wake, wakageuza kila kitu. Kinachofanyika ni kuzipa asili moja, 88: 55/88 na 56/88. Zimepishana 1/88 tu! Kwa desimali ni 0.625 na 0.636..., kwa hiyo akiishia nafasi moja ya desimali ataona 0.6 zote mbili na kudhani ziko sawa.